Mganga na Maneno ya Mgonjwa

Kiswahili kina jina moja kwa watu wawili ambao huonekana kuwa hawafanani. Yule akaaye chini ya mbuyu na tunguri zake huitwa mganga. Na yule akaaye katika ofisi ya serikali, mwenye dhamana ya utaalamu wa tiba katika Tanzania nzima, huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Baadhi ya watu hucheka wasikiapo hivyo, wakadhani ni umaskini wa maneno. Si umaskini. Jina hilo limetoka katika kitendo cha kuganga, na kuganga ni kufunga kilichovunjika, kuunga kilichoachana, na kutengeneza kilichoharibika. Mfupa hugangwa, jeraha hugangwa, na wahenga waliposema kuwa yaliyopita si ndwele, wakahimiza yagangwe yajayo, walionyesha kwamba hata mambo yasiyo na nyama wala damu yaweza kugangwa. Basi lugha haikumpima mganga kwa vyombo vyake wala kwa mahali alipokaa. Ilimpima kwa kazi yake ya kuunga.

Ikiwa kazi yake ni kuunga, yafaa kuuliza ni vitu gani viungwavyo. Cha kwanza ni mwili wa mgonjwa, na juu ya hicho hapana mabishano. Cha pili ni imani iliyo baina ya mgonjwa na mganga. Imani hiyo ikikatika, dawa njema hubaki katika chupa na shauri jema hubaki katika hewa. Chuo cha uganga hufundisha kuunga cha kwanza kwa miaka mitano, kwa bidii kubwa na kwa mitihani mikali. Kuunga cha pili aghalabu huachiwa bahati, kana kwamba ni tabia ya kuzaliwa nayo wala si elimu. Lakini cha pili nacho ni elimu. Mlango wake ni maneno ya mgonjwa, maana katika maneno hayo ndimo zilimohifadhiwa mila na maadili ya watu. Na kukosekana kwa elimu hiyo huua, kama kunavyoua kukosekana kwa dawa.

Haikuwa ajabu vyuo vya Afrika Mashariki kuanza kwa mwili. Mwaka 1897 Albert Cook, mganga wa misheni kutoka Uingereza, alianzisha hospitali ya Mengo katika Buganda. Na mwaka 1924 mafunzo ya uganga yalianza Makerere. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, waganga waliohitimu, kwa hesabu aliyoitaja Mwalimu Julius Nyerere, walikuwa 12 tu. Mwaka 1963 chuo cha uganga kilifunguliwa Dar es Salaam, na mwaka 1968 kikatiwa katika chuo kikuu. Leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Nchi yenye waganga 12 haina nafasi ya kuchagua na kupembua. Ilitaka mikono ijuayo kushika kisu na macho yajuayo kusoma hadubini, tena iliyataka upesi. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, walimu wengi walikuwa wageni, na mitihani ilifuata kipimo cha Ulaya. Hapana mwenye haki ya kuulaumu mwanzo huo. Walakini nyumba iliyojengwa kwa haraka wakati wa mvua, mwenyewe huirudia kiangazi kutazama alichokisahau.

Kilichosahauliwa ni kwamba mwanafunzi alifundishwa maradhi kwa lugha moja akapelekewa wagonjwa kwa lugha nyingine. Hata leo shahada ya uganga katika Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wagonjwa huumwa kwa Kiswahili, kwa Kisukuma, kwa Kihehe na kwa Kimakonde. Yaweza kusemwa kwamba mwanafunzi mwenyewe ni mwana wa nchi, na Kiswahili alikijua tangu utotoni. Ni kweli; lakini alikijua kama mtoto akijuavyo, si kama mganga apaswavyo kukijua. Mgonjwa akisema ana mshipa, neno hilo laweza kuwa mshipa wa damu, au ukano uliojinyonga, au ngiri, au busha analoona haya kulitaja. Mwanamke akisema ana chango, atakuwa amelifunga tumbo lake lote, pamoja na uzazi wake na huzuni yake, katika neno moja. Hakuna ukurasa wa kitabu cha Kiingereza utakaomfungulia mwanafunzi neno hilo. Atalifungua kwa kuuliza, na kuuliza kuna adabu yake.

Adabu huanza katika salamu. Mswahili akiulizwa kama hajambo hujibu kwamba hajambo, hata kama homa imemchoma usiku kucha. Akiulizwa habari za kuumwa husema ni njema. Kisha hunyamaza kidogo, na baada ya kunyamaza ndipo huja neno “ila”. Katika “ila” hiyo ndimo ulimo ugonjwa. Mganga aliyefundishwa upesi tu huandika jibu la kwanza na kumwita mgonjwa wa pili. Mganga aliyefundishwa vizuri hujua kwamba jibu la kwanza ni la heshima, humshukuru Mungu na kumtoa aliyeuliza katika wasiwasi, na hungoja. Kungoja huko hakuzidi pumzi mbili au tatu, wala hakuna gharama. Hata hivyo, katika mambo mengi ambayo mwanafunzi huulizwa katika mtihani, ni mara chache kuulizwa kama ajua kungoja.

Historia ya uganga ina mfano mkubwa wa mganga aliyefundishwa na neno la wagonjwa wake. Mfano huo ulitoka Afrika Magharibi, lakini matunda yake yaliliwa Afrika Mashariki pia. Cicely Williams, mwanamke aliyezaliwa Jamaica na kusomea uganga Uingereza, alikuwa akitibu watoto katika Gold Coast, nchi ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Aliona watoto waliovimba miguu, ngozi zao zikibambuka na nywele zikibadilika rangi, wakifa baada ya kuachishwa ziwa. Hali hiyo aliieleza kwa maandishi mwaka 1933, na baadhi ya wakubwa wa elimu hiyo walishikilia kwamba ni maradhi mengine yaliyokwisha kujulikana. Yeye aliwauliza akina mama waliyaitaje. Wakamwambia, kwa lugha ya Kiga, kwashiorkor: maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake azaliwapo. Mwaka 1935 alilitangaza jina hilo katika jarida la Lancet, na tangu hapo limetumika duniani kote. Waswahili hulitamka kwashakoo.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba neno hilo halikuwa jina tu. Lilikuwa maelezo ya chanzo. Akina mama walikwisha kuona kwamba ugonjwa huja pale ambapo mtoto huondolewa katika maziwa na kupewa uji mtupu. Walichokosa ni elimu ya kujua kipi katika maziwa hakimo katika uji. Walikuwa na nusu ya maarifa, na mganga alikuwa na nusu ya pili. Kila nusu peke yake haikumponya mtoto. Nusu hizo zilipoungwa, uganga ulipatikana. Mwaka 1965 kituo cha lishe kilianzishwa Mulago, hospitali wanayojifunzia wanafunzi wa Makerere, kikaitwa Mwanamugimu kwa kufuata methali ya Waganda ihusuyo mtoto mwenye siha na malezi ya mama yake. Humo mama hakuketi kando akitazama mtoto akilishwa na wageni. Alifundishwa kumpikia mwenyewe kwa vyakula vya shamba lake na soko lake. Mwanafunzi wa uganga aliyepita humo alijifunza kwamba tiba nyingine hazimo katika kabati la dawa, bali zimo katika sufuria.

Neno la pili ni la pwani yenyewe, nalo lina uchungu zaidi: ni degedege. Katika miaka ya 1990 watafiti walikaa wilayani Bagamoyo wakiuliza watu huita homa kwa majina gani. Walikuta kwamba hospitali na wananchi kila mmoja alisema lake wala hakusikia la mwenziwe. Hospitali ilihubiri juu ya malaria iletwayo na mbu, na akina mama walikubali, kwa sababu homa ya malaria waliijua. Kwao ilikuwa homa ya kawaida, ipoayo kwa vidonge. Lakini mtoto alipokakamaa, akageuza macho, akatetemeka na kupotewa na fahamu, ugonjwa huo haukuwa malaria tena. Ulikuwa degedege, kazi ya shetani au ya ndege apitaye usiku juu ya watoto. Kwa mganga wa hospitali hali hiyo aghalabu ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, ambayo huua kwa muda wa saa chache, na dawa yake wakati huo ilikuwa kwinini ya sindano. Kwa mama, ilisemwa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Basi alimpeleka kwanza kwa mganga wa kienyeji, mtoto akafukizwa kwa moshi wa mavi ya tembo ili degedege itulie. Ndipo homa iliyosalia ipelekwe hospitali.

Msomaji na alitazame jambo hili kwa makini. Mama huyo hakuwa mzembe wala hakukosa mapenzi. Yamkini alikwisha kuona watoto waliofikishwa hospitali wamechelewa, wakachomwa sindano, wakafa. Akahukumu kama ambavyo mtu yeyote angehukumu, kwamba kilichotangulia ndicho kilichosababisha. Kumwita mjinga hakukumfupishia njia ya kufika hospitali. Kulimwongezea sababu moja ya kutokwenda. Mganga alijua malaria na hakujua degedege. Mama alijua degedege na hakujua kwamba malaria yaweza kuwa kali kiasi kile. Na mtoto alikufa katikati ya maneno mawili. Dawa ya mahali hapo haikuwa kulifuta neno la mama, bali kulipokea na kuliunga na lile la hospitali, pakasemwa wazi kwamba degedege hii, hii uijuayo na kuiogopa, ndiyo malaria iliyokuwa kali, na saa yake ni sasa. Utafiti uliofanywa baadaye katika bonde la Kilombero ulionyesha kwamba wazazi wengi walikuwa wameanza kulihusisha degedege na malaria, ijapokuwa habari za mashetani hazikutoweka. Neno la zamani lilibaki, likapewa njia mpya.

Neno la tatu ni zito zaidi kulitamka, kwa kuwa lina aibu ndani yake. Ni kubemenda. Katika sehemu nyingi za Tanzania huaminika kwamba wazazi wasipojizuia wakati mtoto anyonyapo, au mama akishika mimba nyingine mapema, mtoto hudhoofika. Na mtoto akonda, akichelewa kutembea, majirani hunong’ona kwamba amebemendwa. Neno hilo ni hukumu juu ya mwenendo wa wazazi wa usiku. Basi mama mwenye mtoto aliyekonda hubeba mizigo miwili: mtoto mgongoni na aibu usoni. Akifika kliniki, mbele ya wanawake wenziwe, akaulizwa kwa sauti kubwa kwa nini amechelewa kumleta, hana la kujibu. Kusema kweli ni kujishtaki. Kunyamaza ni kuonekana mkaidi. Mwanafunzi asiyelijua neno hili ataandika kwamba mama hajali. Alijuaye atamsogeza kando, atashusha sauti, atamwambia pole, kisha ataanza kuuliza habari za chakula bila ya kugusa jeraha. Wote wawili walisoma kitabu kimoja cha lishe; lakini mama atarudi kwa mmoja wao tu.

Wala maneno ya watu si mlango wa kuingilia tu. Mara nyingine ni ghala ya maarifa. Mwaka 1960 Louise Jilek-Aall, mganga mwanamke aliyetoka Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, katika nchi ya Wapogoro. Aliwakuta wenye kifafa wametengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto, kwa sababu watu waliogopa kumgusa mtu aliyeanguka, wakihofia mate yake kuwa yaambukiza. Hofu hiyo ilikuwa batili, na ilipasa kuondolewa kwa upole na kwa tiba ionekanayo. Lakini watu haohao walimwonyesha watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka kama vya wenye usingizi, nao walikuwa na jina la hali hiyo: amesinzia kichwa. Aliliandika. Baada ya mwaka 2000 hali kama hiyo ilishughulisha wataalamu wa nchi nyingi kwa sababu ya watoto wa Uganda na Sudan Kusini, na uchunguzi ukaihusisha na usubi, maradhi yaletwayo na inzi wadogo wa mitoni. Kumbe wanavijiji wa Mahenge walikwisha kuitenga hali hiyo na nyingine, wakaipa jina, miaka mingi kabla ya vitabu. Watu walewale walikuwa na kosa na maarifa katika kinywa kimoja. Na aliyewadharau kwa kosa lao angeyakosa maarifa yao.

Hapa yafaa kujihadhari, maana kuna watu wakisikia mila zikitajwa husimama na kupiga makofi, wakadhani kila cha kale ni chema. Si hivyo. Kuna desturi ya kukata kimeo: mtoto mchanga akikohoa sana hupelekwa kwa mkataji, naye humkata kinyama kilichoning’inia nyuma ya ulimi. Kikohozi hubaki pale pale, kwa kuwa chanzo chake kiko kifuani, na mtoto huweza kutokwa na damu nyingi, kuingiwa na pepopunda, au kufa kabla ya kutibiwa alichougua. Desturi hiyo haina utetezi. Kwa upande wa pili, mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa bado mwanafunzi wa uganga, alishuhudia mahali paitwapo Kahura, katika Bunyoro, mganga mwenyeji akimpasua mwanamke na kumtoa mtoto. Mganga huyo aliosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akafunga jeraha kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za magome, na kwa maelezo ya Felkin, yaliyochapishwa mwaka 1884, siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona. Basi mila nazo zipimwe kama mwili upimwavyo: kwa kutazama, kwa kugusa, kwa kusikiliza, bila ya kuziabudu na bila ya kuzidharau. Aliyeanza kwa dharau hataonyeshwa kimeo mpaka damu imekwisha kumwagika. Aliyeanza kwa heshima ataambiwa kabla ya kisu.

Kupima huko kwahitajiwa hata katika maadili yenyewe, kwa kuwa maadili mema mawili huweza kugombana juu ya kitanda kimoja. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ugonjwa si wa mtu mmoja. Ni wa ukoo. Mgonjwa huletwa na jamaa, huletewa chakula na jamaa, na shauri la kupasuliwa hukatwa na jamaa. Humo mna utu mwingi ambao hospitali za nchi tajiri zingeutamani. Lakini humo humo huweza kuwamo dhuluma: mwanamke aulizwa na mganga, na mjomba au mume ndiye ajibuye, mama aishiwa nguvu kwa uchungu wa uzazi, na ruhusa yangojwa kutoka kwa mtu aliye safarini. Azimio la Geneva, lililotolewa na chama cha waganga wa dunia mwaka 1948 ili liwe kiapo chao, lilirekebishwa mwaka 2017 likatiwa heshima ya uhuru wa mgonjwa kujiamulia. Mwanafunzi hawezi kuuliwaza ugomvi huu kwa kukariri kiapo. Yapasa afundishwe namna ya kuwapa jamaa heshima yao, kisha kwa adabu kumpatia mgonjwa dakika tano za faragha aseme lake mwenyewe. Wazee huziita siri na sitara kuwa ni nguo za mtu. Mganga hupewa ruhusa ya kumvua mgonjwa nguo za mwili, hakupewa ruhusa ya kumvua hizo nyingine mbele ya watu.

Lakini kosa lingekuwa kubwa kama mila zingedhaniwa kuwa ni za mgonjwa tu. Chuo nacho kina mila zake, na hospitali ina zake. Koti jeupe ni mila. Msafara wa wanafunzi nyuma ya mwalimu asubuhi ni mila. Kumtaja mtu kwa namba ya kitanda badala ya jina lake ni mila pia, na si njema. Mwanafunzi hujifunza hizi kwa macho, bila ya kitabu, na hazimtoki upesi. Mwalimu aweza kufundisha darasani saa nzima juu ya heshima, kisha akaingia wodini akamkemea mzee mbele ya wajukuu wake. Na somo litakalobaki ni la wodini. Katika mkoa wa Tanga wanawake waliojifungulia katika vituo vya afya waliulizwa kama walitukanwa, walipigwa, waliachwa peke yao au walivunjiwa heshima kwa namna nyingine. Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2014, ulieleza kwamba walipoulizwa wakiondoka kituoni, kadiri ya 19 katika kila 100 walikubali kuwa walitendewa hivyo; walipoulizwa nyumbani baada ya majuma kadhaa, wakawa 28. Tofauti ya tisa hao ina somo kubwa. Waliokwisha kuumizwa walijibu langoni kwamba hawajambo, na “ila” yao waliisema nyumbani. Mwanamke wa namna hiyo uchungu ukimshika mara ya pili huenda akabaki kijijini, na damu ikimtoka huko hakuna wa kuizuia.

Haisemwi kwamba hakuna lililofanywa. Mwaka 1974 uchunguzi wa dawa za asili ulianzishwa Muhimbili, na baadaye ukawa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilitunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Na mwaka 2011 Muhimbili ilianza kutumia mitaala ipimayo uwezo wa kutenda, pamoja na mawasiliano na mwenendo wa kazi, wala si kumbukumbu tu. Hizo ni hatua za kushukuriwa. Walakini mizizi na majani ya watu yamepata taasisi, ilhali maneno yao bado hayajapata kiti katika chumba cha mtihani.

Lililosalia si la gharama kubwa. Mwanafunzi na atahiniwe kwa Kiswahili katika kumhoji mgonjwa, mbele ya mwalimu ajuaye uganga na ajuaye lugha, apewe alama kwa alichokisikia kama apewavyo kwa alichokigundua. Maneno ya maradhi na yakusanywe wilaya kwa wilaya, na wanafunzi wenyewe wapelekwapo vijijini, ili kila mmoja arudi na orodha yake. Mwaka 1978 Arthur Kleinman, mganga wa akili wa Marekani, pamoja na wenziwe, walitoa maswali machache ya kumwuliza mgonjwa: kwamba adhani ugonjwa wake umeletwa na nini, kwa nini umeanza wakati huu, anatumaini tiba gani, na aogopa nini kuliko yote. Maswali hayo yakiulizwa kwa adabu ya Kiswahili, baada ya salamu na baada ya pole, yangemleta mezani mama wa degedege pamoja na mama wa mtoto aliyekonda. Tena walimu wapimwe pia, maana chombo kilichopinda hakipigi mstari ulionyoka.

Watakaosema kwamba hakuna nafasi, kwa kuwa wagonjwa ni wengi na waganga ni wachache, wana haki ya kusikilizwa. Msongamano wa wagonjwa si hadithi. Lakini mgonjwa asiyeeleweka hurudi mara tatu, na kila mara huchukua nafasi. Au harudi kabisa, na nafasi yake huchukuliwa na msiba. Kusikia si anasa ya mganga mwenye wagonjwa wachache. Ni akiba ya mganga mwenye wagonjwa wengi.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Yeye pia hugangwa na mwingine, na katika jambo hili wa kumganga ni mgonjwa wake. Akikubali kufundishwa na mama aliyeketi juu ya benchi, na mzee asemaye kwa mafumbo, na kijana aonaye haya, elimu yake aliyoichota katika vitabu vya mbali itapata mahali pa kushika mizizi. Asipokubali, atakuwa kama mtu mwenye ufunguo mzuri wa chuma, mbele ya nyumba ambayo mlango wake hufunguliwa kwa hodi.